Gome la Omurinzi na Swali la Kipimo

Mwamba-ngoma, ambao mkoani Kagera wengi huuita omurinzi na wanabotania huuita Erythrina abyssinica, ni mti usiosahaulika. Gome lake ni nene, lenye nyufa na miiba, na maua yake mekundu huchanua wakati matawi hayana majani. Gome hilo huchemshwa na kunywewa kwa ajili ya homa na maumivu ya tumbo.

Wako wasomi wanaoicheka dawa hii. Siungani nao. Mwaka 2004 wanakemia wa Nairobi walitangaza kwamba kemikali walizozitenga kutoka gome la shina lake zilizuia ukuaji wa vimelea vya malaria katika vyombo vya maabara. Kwinini nayo ilitoka mtini: gome la sinkona ya Amerika ya Kusini lilikuwa limenywewa Ulaya kwa karibu karne mbili kabla ya Pelletier na Caventou kuitenga kwinini mjini Paris mwaka 1820. Tangu hapo dawa iliweza kupimwa kwa mizani. Kabla yake, gome moja lilikuwa na dawa nyingi na jingine kidogo, wala tabibu hakuweza kujua lipi ni lipi.

Gome la omurinzi lingali katika hali hiyo ya kutojulikana kipimo. Nguvu yake hutegemea umri wa mti, udongo, majira na muda wa kuchemsha. Tena jamii ya Erythrina ina alkaloidi, hasa katika mbegu, zinazoziba mahali ambapo neva huupa msuli amri, kama ifanyavyo kurare, ile sumu ya mishale. Kurare haidhuru sana ikimezwa. Baadhi ya alkaloidi hizi hudhuru hata zikipitia tumboni. Basi mbegu zile nyekundu za kupendeza zisitafunwe wala kusagwa.

Hata hivyo sumu siyo hofu yangu kubwa. Uchunguzi wa mwaka 2021 ulikuta badiliko la jeni liitwalo R561H katika karibu asilimia 23 ya sampuli za vimelea kutoka Karagwe, na karibu asilimia 14 za Kyerwa. Mwaka 2022 ilithibitishwa kwa wagonjwa wa Karagwe kwamba vimelea vya namna hiyo huondolewa polepole na artemisinini. Dawa mseto iliwaponya karibu wote, lakini mzigo mkubwa sasa umeiangukia dawa ya pili iliyomo. Mtu akinywa gome siku tatu, homa ikapungua, kisha akameza vidonge vya siku moja na kuviweka vingine akiba, vimelea sugu ndivyo vitakavyobaki na kuzaana. Mbu atavipeleka kwa jirani.

Lawama si ya mgonjwa peke yake. Mhudumu akimkemea anayetaja mitishamba, siku nyingine hatataja. Sheria ya mwaka 2002 inaitambua tiba asili, na Muhimbili imeifanyia utafiti tangu 1974. Kwa nini ifichwe? Ningependa walimu wa biolojia wa Kayanga na Nkwenda wawatume wanafunzi nyumbani na ujumbe kwamba homa, hasa ya mtoto mdogo au mama mjamzito, ipimwe siku ile ile, na kwamba aliyekunywa gome aseme hivyo zahanati bila woga. Wakirudi, wanafunzi walete maandishi ya wazee: gome huchunwa mti ukiwa na umri gani, huchemshwa kwa muda gani, na nani hukatazwa kulinywa.