Wakati wa Kutupa Karata

Wandugu vijana wa Tchomia, wa Kasenyi, wa Bunia, na nyinyi wote munaotusoma,

Leo hatuandiki juu ya barabara wala usalama. Tunaandika juu ya poka, ule mchezo wa karata unaochezwa ku telefone kwa makuta ya kweli. Wazee watasema hiyo ni mambo ya wavivu. Lakini tembeeni jioni kando ya ziwa, pale wanapochajisha telefone, mutaona vijana wenye diplome wameinamisha vichwa. Sisi ni kati yao. Tulimaliza iniversite, tukarudi nyumbani, kazi hakuna.

Tulikuwa wanne, kila mmoja akachanga dola 10. Ile makuta ilikuwa ya kununua makayabu hapa na kuuzisha Bunia. Wiki moja samaki ikakosekana, mmoja wetu akasema tuizungushe kwanza kidogo. Siku mbili za kwanza 40 ikawa 53. Siku ya tatu tukaingia meza ya watu sita na dola 31 mbele yetu.

Pale kulikuwa wachezaji wawili walioonekana kama hawajuani. Lakini kila mara tukiingiza makuta, mmoja anaongeza, mwenzake anaongeza juu yake, wa kwanza anaongeza tena. Sisi tunabaki katikati kama samaki kati ya nyavu mbili. Tukitupa karata, ule moto unazima palepale: mmoja anatupa zake bila kuonyesha, mwingine anakusanya. Walifanya vile mara tatu. Mara ya nne tulikuwa na wafalme wawili. Mmoja wetu akasema: «Hapa si pazuri, tupa.» Mwingine akajibu: «Tumeisha weka dola 9, tutaziacha vile?» Tukalipa zote. Karata zilipofunguliwa, mmoja alikuwa na saba tatu. Dola 31 zikaenda.

Je, walituibia? Saba tatu zinaweza kumuangukia hata mtu mwaminifu. Na hapa ndipo tulikosea tangu mwanzo: tulikuwa tunatafuta ushahidi kama tuko tribinali. Kule, ni haki mtu asihukumiwe kwa kushukiwa tu. Lakini kuondoka mezani si kumhukumu mtu. Humfungi, humtukani, humchafulii jina. Unatoka tu, na kutoka ni bure. Meza zingine ziko, na usingizi pia uko.

Ushahidi, ukingojea uje, utakuta mfuko umekwisha. Mwaka 2007, ku tovuti ya Absolute Poker, mchezaji mmoja aliyejiita POTRIPPER alishinda shindano la kiingilio cha dola 1,000. Mkono wa mwisho alilipa makuta mengi akiwa na kumi tu, bila hata jozi, na akashinda! Watu wakapiga kelele, kampuni ikakana. Kisha mchezaji aliyeshindwa akaomba historia ya mikono yake, na kwa bahati akatumiwa fail lenye karata za watu wote, pamoja na alama ya akaunti iliyokuwa inatazama ile meza tu. Mtu wa ndani alikuwa anaona karata za kila mtu. Oktoba kampuni ikakubali. Tume ya michezo ya Kahnawake, kule Kanada, iliitoza faini ya dola 500,000. Mwaka uliofuata ikatokea UltimateBet, tovuti ndugu yake, kwamba wizi kama huo ulikuwa umeendelea miaka, na iliyopaswa kurudishwa kwa wachezaji ilipita dola milioni 20. Wale walikuwa watu wenye kompyuta, wenye avoka, wenye kujua hesabu. Wewe uliye Tchomia na megabaiti za foranka 500, nani atakutumia fail?

Sasa tusijidanganye pia. Mara nyingi anayetushinda si mwizi, anacheza vizuri kutupita. Kusema «walituibia» ni tamu juu inaokoa heshima yetu. Na mwenye kutupa karata kila mara anapoogopa, yale makuta madogo ya lazima ya kila mzunguko yatamumaliza polepole. Kwa hiyo hesabu kwanza. Tuseme una karata mbili za moyo, mezani ziko nne, mbili kati yao za moyo, na umebakiza kungojea moja. Karata 46 huzioni, na 9 kati yake ndizo zinakusaidia. Ni chini kidogo ya mara 1 kwa 5. Katikati kuna dola 24 na unaombwa dola 12: ili ile bei ikufae, lazima ushinde mara 1 kwa 3. Hapo unatupa, awe mwizi, awe pasta. Zile 9 ulizoisha kuweka hazimo kwenye hesabu, si zako tena.

Wafalme wetu ndio walikuwa kesi ngumu, kwani hesabu ya kawaida ilisema lipa. Lakini ile hesabu inaamini kwamba wale wawili wanapigana wao kwa wao. Wakiwa wanasaidiana, karata unazopigana nazo ni nne, na bei hawaipangi kufuatana na mkono wao, wanaipanga kufuatana na mfuko wako. Kwa hiyo tumekubaliana hivi: mchezo ule ule ukirudi mara mbili na watu wale wale, mara ya tatu hatungojei karata nzuri, tunatoka. Na kiasi cha kupoteza kinaandikwa kwenye karatasi mbele ya kufungua telefone, juu kisha hapo kichwa hakifanyi kazi. (Siku ile ile rezo ilikatika mara moja, programu ikatupa karata kwa jina letu. Ndio ulikuwa uamuzi wetu bora.)

Tulikuwa tumebakiza dola 22. Tulizitosha, gharama ikala kidogo, tukanunua makayabu. Iko ndani ya kiroba, inangojea gari ya Bunia. Kashi, sasa anaishika yule aliyesema «tupa».