Kijana mrefu amemaliza chuo Kisumu. Je, vikapu vitamlipa?

Kila mwaka vyuo vya Nyanza vinapofanya mahafali, kuna swali linalorudi: yule kijana mrefu wa timu ya chuo, anaweza kucheza mpira wa vikapu wa kulipwa? Huulizwa na wajomba, na makocha, na wachezaji wenzake. Anayeuliza huwa ameshajijibu moyoni, kwa sababu ukimwona mtu anainama kuingia mlangoni unaona kama Mungu mwenyewe amemwandikia kazi.

Mimi jibu langu ni kwamba anaweza. Ila si mahali anapopafikiria, na huenda isiwe kwa mchezo aliofundishwa.

Tuanze na huo mchezo. Eneo la ziwa lina jina kubwa katika vikapu vya shule za upili. Maseno inaheshimiwa nchi nzima, na Agoro Sare ya Oyugis vilevile. Sasa kocha wa shule akipata mvulana wa futi 6 na inchi 8, humweka chini ya kikapu. Kazi yake inakuwa kudaka mipira inayorudi kutoka ubaoni, kuzima mitupo ya wapinzani na kufunga kwa kuinua mkono tu. Simlaumu kocha. Ana wiki chache za kujiandaa, kuna mashindano ya kaunti, yanafuata ya kanda, na mwalimu mkuu anataka kombe la kuweka ofisini. Kijana anaingia chuo kikuu, kocha wa huko naye anamwona kwa jicho lilelile. Miaka minane inakatika. Hajawahi kuupeleka mpira mbele mwenyewe huku amekabwa, wala kutupa kutoka nje ya mstari wa pointi tatu katika mechi yenye maana.

Kisha anataka kulipwa, na hapo ndipo futi zinapoanza kumsaliti. Futi 6 na inchi 8 ni kama mita 2.03. Kisumu huyo ni jitu. Katika ligi za kulipwa ni mtu wa kawaida, na mara nyingi wenye kimo hicho hucheza pembeni: wanakimbia, wanatupa kutoka mbali, wanamkaba mtu mfupi mwenye miguu myepesi. Wanaokaa chini ya kikapu wanamzidi kwa inchi tatu au nne na kilo ishirini. Basi kijana wetu ana kimo cha mchezaji wa pembeni na ufundi wa mchezaji wa katikati. Kocha wa kulipwa akimtazama kwa dakika kumi ameshaona.

Hata walio na kimo kamili hawakupewa bure. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam bado ndiye mfano mkubwa kuliko wote hapa Afrika Mashariki. Alianza mpira wa vikapu akiwa na miaka 15, akafika Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika orodha nzima ya NBA, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden na Stephen Curry. Alikuwa na mita 2.21. Chuoni alikuwa ukuta. Dhidi ya Providence, Januari 2009, alizima mitupo 10 katika mechi moja. Lakini NBA ilimkuta na miguu mizito na mikono isiyo na njia nyingi za kufunga, na Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol katika nafasi yake. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha alikuwa ameteremshwa kwenye ligi ya chini. Akapita Houston, Portland na Oklahoma City, na kufikia 2014 mlango wa NBA ulikuwa umefungwa. Baadaye alicheza Taiwan.

Watu wetu humtaja Thabeet kama aliyeshindwa. Mimi naona wanakosea. Mtu aliyeanza na miaka 15 akacheza mechi zaidi ya 200 za NBA hajashindwa chochote. Ninachokiona kwake ni umri. Miaka saba kutoka kuushika mpira hadi kuchaguliwa haikutosha kujenga ufundi wote, hata kwa mtu wa mita 2.21 aliyefundishwa na makocha bora. Sasa mpime kijana wa Kisumu wa miaka 24 ambaye kwa miaka minane hakujenga ufundi huo hata kidogo.

Tena njia yenyewe imehama tangu enzi za Thabeet. Juni 2025 Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, alichaguliwa wa 10 katika NBA baada ya mwaka mmoja tu Chuo Kikuu cha Duke. Ana mita 2.18. Lakini kabla ya Duke alikuwa amepitia chuo cha vipaji cha NBA kule Saly, Senegal, na akiwa bado kijana wa shule alishacheza katika Ligi ya Vikapu ya Afrika, BAL, mojawapo ya timu zake ikiwa City Oilers ya Kampala mwaka 2024. Kwa maneno mengine, waliokuwa wakimtafuta walimpata kabla hajafika umri wa kidato cha nne. Anayesubiri kuhitimu chuo ndipo atafutwe amekuja sokoni jioni, samaki wameshanunuliwa.

Wasomaji wa Pwani watanikumbusha habari za Madina Okot, na wana haki. Ikiwa kuna mchezaji wa kati kutoka magharibi ya Kenya mwenye njia iliyonyooka kuelekea mpira wa kulipwa wa Marekani, ni huyu binti. Anatoka Mumias, si mbali na Kisumu, ana futi 6 na inchi 6, na alipita kwenu Kwale, Kaya Tiwi, kisha Chuo Kikuu cha Zetech. Msimu wa 2024/25 alicheza Mississippi State, na 2025 akahamia South Carolina kwa kocha Dawn Staley, timu iliyotwaa ubingwa wa vyuo wa 2024 bila kupoteza mechi. Wachambuzi wa huko walimtaja miongoni mwa waliostahili kuchaguliwa WNBA. Lakini angalieni alichofanya: aliondoka Zetech angali na miaka ya kucheza vyuoni. Vyuo vya Marekani vina saa inayohesabu, na ukishamaliza digrii yako hapa ukiwa na miaka 24, saa hiyo karibu imekwisha. Binti mrefu aliye kidato cha tatu leo huko Bondo au Ahero ana nafasi ambayo kaka yake aliyehitimu hana. Kwa maoni yangu huyo binti ndiye anayepaswa kuhangaikiwa kwanza, na sioni wajomba wakiuliza habari zake.

Kwa hiyo aliyehitimu abaki na nini? Abaki na Afrika, na si kidogo.

Tom Wamukota, mchezaji wa kati wa timu ya taifa ya Kenya, alipita Wichita State kule Marekani. NBA haikumwita. Alikwenda Kigali, na mwaka 2021 alikuwa na Patriots katika msimu wa kwanza wa BAL, wakafika nusu fainali. Mwaka huohuo Kenya ilirudi AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993, baada ya Tylor Ongwae kuizamisha Angola 74-73 kwa mtupo wa sekunde ya mwisho kule Yaoundé. Walioshuhudia mashindano yale walianza kuamini kwamba Mkenya anaweza kulipwa kucheza hapa barani. Ni kweli, ila kuna jambo halisemwi. Katika timu ya Rwanda, Misri au Angola, Mkenya ni mgeni, na kanuni za BAL zinaweka kikomo cha wageni. Nafasi hizo chache zinagombewa na Wamarekani, Wanigeria, Wasenegali na Wasudan Kusini. Huwezi kumchukua kijana aliyetoka timu ya chuo Nyanza ukamshindanisha na hao kesho asubuhi.

Ndiyo maana tukio kubwa zaidi kwa kijana huyu, kuliko hata Maluach kwenda NBA, ni Nairobi City Thunder kufuzu BAL ya 2025, klabu ya kwanza ya Kenya kufika huko. Katika klabu ya Kenya Mkenya si mgeni. Kanuni ileile inayomfungia nje Kigali inamlinda Nairobi. Kama ataiona BAL maishani mwake, uwezekano mkubwa ni kwa jezi ya klabu ya nyumbani.

Chini ya hapo kuna soko ambalo wengi hawaliiti la kulipwa, ingawa limelisha familia kwa miaka mingi. Ulinzi Warriors ni timu ya jeshi. Anayecheza pale ni mwanajeshi mwenye mshahara wake. Kwenu Mombasa kuna KPA, timu ya bandari, na nani asiyejua kelele za ukumbi wa Makande siku ya mechi? Timu za mashirika za aina hiyo zimewapa wachezaji ajira au kandarasi, na goti likivunjika mtu hana haja ya kurudi kijijini mikono mitupu. Vijana wa Kisumu hudharau njia hii kwa sababu haina picha ya kuweka mtandaoni. Mimi ningeiweka ya kwanza kwenye orodha.

Kubaki Kisumu je? Hapa najua nitaudhi watu ninaowapenda. Klabu za hapa, Lakeside ikiwa maarufu zaidi, zimebeba mchezo huu kwa kujitolea kwa miaka. Lakini mchezaji mkubwa hukua kwa kusukumana na mkubwa mwenzake, na hapa atakuwa mrefu kuliko wote uwanjani karibu kila siku. Viwanja vingi tunavyochezea ni vya saruji na viko wazi. Mvua ya alasiri ikinyesha, na mnaijua mvua ya Kisumu, mazoezi yamekwisha. Saruji nayo hula magoti ya mtu wa kilo 100 taratibu. Mwaka mmoja hapa baada ya chuo ni sawa. Miwili ni kuzeeka.

Kijana niliyeulizwa habari zake juzi ana miaka 24 na futi 6 inchi 9. Mama yake huuza samaki Dunga. Mezani kwao kuna mambo matatu. Mtu anayejiita ajenti anataka Sh180,000 ili ampeleke kwenye majaribio Ulaya, nchi itatajwa baadaye. Klabu moja ya Nairobi imemwalika mazoezini kwa miezi mitatu, bila mshahara, nauli ya mazoezi juu yao. Na klabu ya hapa inamtaka abaki, watamtafutia kibarua.

La kwanza nililipinga nikiwa bado nashika kikombe cha chai. Mawakala halali wa mpira wa vikapu wana leseni ya FIBA, shirikisho la dunia, na hulipwa kwa asilimia ya kandarasi ambayo mchezaji ameshatia saini. Anayetaka pesa kabla ya kandarasi anauza safari. Mjomba alisema wameambiwa wafanye haraka kabla nafasi haijachukuliwa, nami nikamwambia waombe jina la klabu na barua yake, kisha wapige simu hiyo klabu wenyewe. Wiki mbili zimepita na jina la klabu halijaja.

Nilimshauri aende Nairobi, kwa masharti mawili. Kocha amwambie mapema kama atamfundisha kucheza pembeni, kutupa kutoka mbali na kumkaba mtu mfupi, au anamtaka tu awe mti wa kugongwa na wakubwa mazoezini. Na miezi mitatu ikiisha bila kandarasi, apeleke jina lake kwa timu za mashirika kabla usajili haujafungwa, akiwa na cheti chake cha chuo mkononi, maana cheti hicho kina thamani pale bandarini au benki kuliko ilivyo kwa kocha yeyote.

Kijana alisikiliza bila kusema mengi. Aliniuliza tu kama miaka 24 imechelewa kujifunza mtupo wa pointi tatu. Nilimwambia mtupo unajifunzika. Miguu ya kumkaba mtu mfupi ndiyo inayonitia shaka, na hiyo hakuna atakayeijua hadi ajaribu mbele ya watu wanaoweza kumpita.

Mama yake hakugusia mpira kabisa. Alitaka kujua kodi ya chumba Nairobi italipwa na nani kwa hiyo miezi mitatu. Mjomba amejitolea mwezi wa kwanza. Miwili iliyobaki bado inatafutwa.