Mguu wa Wilson Tunaujua, Waliombeba Je?

Ndugu wanafunzi, msimu wa fildi unakaribia na karibuni tutasambaa vijijini na madaftari yetu. Kabla hatujapanda basi, tuzungumze kidogo kuhusu ua moja la China.

Ni yungiyungi ambalo wataalamu wanaliita Lilium regale: jeupe, umbo la tarumbeta, katikati njano, na linanukia kweli kweli. Leo limejaa kwenye bustani za Ulaya na Marekani. Lakini porini kwao ni sehemu ndogo tu, bonde la Mto Min katika jimbo la Sichuan, kwenye miteremko mikavu ya mawe matupu.

Aliyelifikisha nchi za Magharibi ni Mwingereza Ernest Henry Wilson. Mwaka 1910 alirudi kule kutafuta matunguu yake, na njiani maporomoko ya mawe yakamvunja mguu. Akafungwa gango kwa miguu ya stendi ya kamera. Njia ilikuwa nyembamba, hivyo msafara wa nyumbu wa mizigo (wale chotara wa punda na farasi) ukamruka mmoja mmoja akiwa amelala chini. Alichechemea maisha yake yote.

Hadithi tamu, sivyo? Ila mguu wa Wilson tunaujua. Majina ya waliombeba hatuyasikii. Waliochimba matunguu kwa maelfu nao kimya. Halafu eti "aligundua". Kwani wenyeji wa bonde lile walikuwa hawalioni?

Sisi tunalalamika darasani kwamba ua letu la Usambara lilipewa jina Saintpaulia, la ofisa wa kikoloni wa Kijerumani. Sawa. Sasa fungua tasnifu zetu. Ukurasa wa shukrani una Mungu, msimamizi, wazazi, mpaka washikaji wa hosteli. Mama aliyetupandisha mlimani, akatuonyesha mmea na kututajia jina na kazi yake, ameandikwa "mhojiwa namba 7".

Najua mtasema maadili ya utafiti yanataka usiri. Kwenye ugonjwa au siasa, ficha jina, hakuna ubishi. Lakini anayekufundisha mmea ni mwalimu wako. Muulize tu: "Mama, ungependa jina lako liandikwe?" Akikubali, liandike, pamoja na kijiji chake. Akikataa, umemheshimu vilevile.

Ni mstari mmoja tu, jamani. Hauhitaji bajeti wala kibali.