Amplifaya moja kali au magitaa matano?

Wadau, nauza vyombo vya muziki mtandaoni nikiwa hapa Mzinga, Morogoro. Mwaka jana mtaji wangu wote, milioni 2, niliuweka kwenye amplifaya moja kali ya gitaa. Laiki kibao, inboksi ikajaa "bei gani?", mnunuzi hakuna. Miezi minne mzigo umelala, ada ya mtoto nikakopa. Mwisho nikaiuza kwa hasara.

Mji huu ni wa Mbaraka Mwinshehe, wapenda gitaa wapo. Ila wanaonijia mimi wengi ndio kwanza wanajifunza. Siku hizi nachukua magitaa matano ya bei ya kati. Likitoka moja, pesa inarudi kwenye mzigo. Amplifaya kubwa naleta kwa oda tu, na mteja atangulize nusu ya bei.

Wewe mtaji wako umelala wapi?