Ghorofa za Kitale na Bungoma zipimwe zinavyoyumba
Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, palipokuwa na duka la mabati leo pana jengo la ghorofa tano. Nani amepima ghorofa hizi zinavyoyumba?

Kanda hii hutikisika: Januari 6, 1928, tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipasua ardhi Subukia, katika Bonde la Ufa. Mwaka 2016, lile la 5.9 liliua watu Bukoba, ng'ambo ya Ziwa Victoria.

Kazi ya kuzipima si ngumu. Kihisi cha mtikisiko, jamaa ya kile kilichomo ndani ya simu, hufungwa kwenye paa, kingine kwenye msingi. Jengo la ghorofa tano huyumba takriban mara mbili kwa sekunde. Likipunguza kasi hiyo baada ya tetemeko, huenda nguzo zimelegea, hata kama plasta haina ufa. Serikali za kaunti zianze na hospitali.