Kikokotoo Hakiupimi Udongo

Umezuka mtindo miongoni mwa baadhi ya wenye viwanja wa Ilala wa kuwakwepa mhandisi na mkadiriaji majenzi, na kukiamini kikokotoo cha mtandaoni. Mtu huingiza vipimo katika simu, hupewa idadi ya mifuko ya saruji, kisha huelekea dukani Kariakoo kifua mbele.

Kwa kuhesabu, chombo hicho hakina kosa. Mita moja ya ujazo ya zege la moja kwa mbili kwa nne hula mifuko 6 na ushei ya kilo 50. Mwalimu yeyote wa hesabu aweza kuihakiki ubaoni. (Viko pia vinavyohesabu kwa mfuko wa Kimarekani wa ratili 94, yaani kilo 43 hivi!) Lakini kina cha msingi na unene wa nondo ameviamua nani? Mwenye nyumba mwenyewe! Kikokotoo hakiujui udongo, wala hakiulizi ni ghorofa ngapi zitakazoongezwa kesho kwa tamaa ya kodi za maduka.

Tarehe 29 Machi, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba, 2024, likaanguka jingine Kariakoo kwenyewe, wakafa zaidi ya watu 20. Hakuna aliyedai kuwa simu ndiyo iliyoyaangusha. Hata hivyo, anayeiona ada ya mhandisi kuwa hasara na ajibu: roho za nani anaziweka rehani? Swali hilo linamhusu pia ofisa anayejenga kwa mkopo wa mshahara, na mwalimu mkuu anayesimamia ujenzi wa madarasa.