Elimu ya pumu Singida isipangwe bila wazazi

SINGIDA ni mkoa wa upepo na vumbi, na wengi bado wanapikia kuni au mkaa. Mama wa mtoto mwenye pumu akifika kliniki huambiwa aepuke moshi. Aepuke vipi, ikiwa jiko na kitanda cha mtoto viko chini ya paa moja?

Swali hilo halijibiwi na wataalamu peke yao. Mama ndiye ajuaye kwamba bibi nyumbani anaamini dawa ya kuvuta humzoesha mtoto, hivyo huificha hadi kifua kibane.

Utafiti wa ACACIA katika miji sita ya Afrika, Kampala ukiwamo, ulionyesha mwaka 2024 kuwa wanafunzi wanne kati ya watano wenye dalili za pumu hawajawahi kuthibitishwa na daktari. Wazazi wao hawapatikani kliniki. Watafutwe misikitini, makanisani na minadani.

Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walithibitisha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa ipasavyo, humsaidia mtoto kuvuta dawa. Chupa hizo zimezagaa stendi ya Singida. Mzazi aliyekwisha kuitumia atamfundisha mwenzake kuliko bango lolote, ilimradi dawa yenyewe ipatikane.